Lumbesa

Pale Isongole gunia halijai mpaka lipite mdomo wake.
Juu huongezwa kilemba cha viazi, kikashonewa kamba ya katani,
na bado likaitwa gunia moja.
Miaka kumi na tisa nimebeba hilo moja.
Siku pingili mbili zilipokataa
nilisikia mlio mdogo, kama ukuni mbichi,
nikakaa kitako kwenye tope, viazi vikanipita
vikiteremka barabarani kuelekea Kiwira.

Mbeya walinifungua kwa nyuma.
Daktari akanionyesha picha: skrubu nne, vyuma viwili vyeupe.
"Hapa mlango tumeupigilia misumari," akasema.
"Hautafunguka tena. Ila hautaanguka."

Dawa ilikuja kwa sindano, baadaye kwa vidonge.
Nisidanganye: ilikuwa nzuri.
Ilinitua mzigo, ikaniegemeza ukutani,
ikanifunika blanketi ambalo halikuwa la hospitali.
Tumbo tu ndilo lilifunga, siku sita,
kama duka la marehemu.

Wiki ya saba Sista Mlowe akanichorea daftarini
ngazi ya kushuka. Vinne. Vitatu na nusu. Vitatu.
"Usiruke kidato. Anayeruka huanguka,
na wewe huna mgongo wa kuangukia."
Haba na haba hujaza kibaba, hiyo nilikua nayo.
Kwamba haba na haba pia ndiyo hukimwaga
nilikuja kuambiwa nikiwa na miaka arobaini na nne.

Tumpe hukata vidonge kwa wembe
juu ya sahani ya bati, pumzi ameizuia.
Kopo hulificha. Najua lilipo: kwenye debe la mahindi.
Usiku wa vitatu nilikwenda kwa magoti,
mkono ndani ya punje hadi kiwiko,
nikachukua kimoja kizima.
Asubuhi alihesabu mara mbili. Hakusema kitu.
Aliosha sahani ambayo ilikuwa safi.

Kisha Julai. Baridi ya Rungwe huingia hata kwenye skrubu.
Nilitoka jasho huku ngozi yangu ni ya kuku aliyenyonyolewa;
miayo, makamasi, miguu inayotaka kuondoka bila mimi.
Lusekelo wa pikipiki akasimama dirishani:
"Kaka, vipo. Vilevile vya kwako."
Nilishika sarafu mfukoni mpaka ikapata joto.
Sijui kwa nini nilimwambia apite. Haukuwa ushujaa.
Labda nilisikia kandambili za Tumpe
akija na chupa ya maji moto.

Maji moto kiunoni. Panado kwa saa, si kwa hasira.
Kugeuka kitandani kama gogo, bega na nyonga pamoja.
Kutembea hadi mgomba wa kwanza; wiki iliyofuata, wa nne.
Maumivu hayakuhama. Yalijifunza jina langu,
nami nikajifunza ratiba yake:
saa kumi alfajiri yanapiga hodi,
saa tatu yanachoka kama mtu yeyote.

Kwetu watu huamkiana, "Ugonile?"
Umelala?
Na jibu ni shukrani, hata kama hukufumba jicho.
Miezi minne nimewashukuru majirani
kwa usiku ambao sikuupata.
Jana mama Atuganile alipita na jembe, akauliza,
nikasema: Hapana, mama. Sikulala.
Nilitakiwa kumeza nusu, nikameza nusu,
na ile nusu nyingine imenikodolea macho hadi kukicha.
Akashusha jembe. Akakaa.

Leo nimekwenda sokoni. Ruhusa yangu ni kilo mbili.
Muuzaji alinifahamu, akacheka,
akataka kuniongezea vitatu juu, kilemba cha zamani.
"Pima," nikamwambia. "Weka kwenye mizani."
Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye mbili.
Nikaupokea mfuko kwa mikono miwili, karibu na kifua,
kama nilivyofundishwa,
nikaanza kupanda. Nilisimama mara tatu.